Masahihisho Yaliyochelewa Kufika Kondoa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi niliyoishonesha makusudi kwa ajili ya kusimama mbele ya darasa, na kwa miaka miwili sikusimama mbele ya darasa lolote. Barua yangu ya ajira ilisema mkufunzi wa somo la Elimu, chuo cha ualimu, Dodoma. Nilitoka kwetu Buigiri alfajiri, nimejipaka mafuta mpaka viwiko, na kichwani nimeshapanga somo la kwanza nitakalofundisha. Mkuu wa Chuo aliisoma barua yangu taratibu, akanitazama juu ya miwani, kisha akanisogezea karatasi tupu.

"Andika jina lako, na la kijiji chako, na la wilaya yako."

Nikaandika. Akaiinua karatasi na kuishika mbali na macho.

"Mwandiko mzuri. Utakwenda Masafa."

Sikujua Masafa ni wapi. Nilidhani ni tawi la chuo lililoko porini huko, nikaanza kuwaza nitafikia kwa nani. Kumbe ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, chumba kilicho nyuma ya bwalo la chakula, zamani stoo ya maharage. Harufu ya maharage haikutoka chumbani humo miaka yote niliyokaa. Ilichanganyika tu na ya wino.

Mlangoni alisimama mzee mfupi, taulo begani, vidole vyeusi kwa wino. Huyo ndiye alikuwa Mratibu wa Elimu Masafa, bosi wangu wa kwanza, na nasema wazi kwamba nilimpenda kuliko mabosi wote waliofuata.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo. "Wamekuleta kwa sababu ya mwandiko?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Pole sana. Hata mimi walinileta hivyohivyo." Akanionyesha rundo la bahasha. "Sikiliza. Hapa chuoni kuna vyuo viwili. Kimoja umekiona ulipopita, kina mabweni, kengele na mpira wa pete. Cha pili ni hiki chumba. Wanachuo wake wametapakaa kuanzia Kongwa mpaka Kondoa, na wewe utawafundisha kwa kuandika anwani zao bila kukosea."

Nilikasirika. Nilikuwa binti wa shule niliyesoma kwa taabu, halafu naambiwa kufundisha ni kuandika anwani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mzee hakuwa anatania.

Ninyi vijana mnaofungua simu na kukuta somo limefika, ngoja niwaeleze lilivyokuwa likitembea. Wanachuo wa bweni walikaa darasani, mkufunzi akawafundisha ubaoni. Wanachuo wa masafa walikuwa walimu walioko kazini, wengi wa shule za msingi vijijini, waliokuwa wakisomea stashahada bila kuacha vipindi vyao. Hao tuliwapelekea moduli, yaani kitabu chembamba kilichoandikwa ili kisimame mahali pa mwalimu: kinaeleza, kinatoa mfano, kinauliza, kisha kinajijibu chenyewe ukurasa wa mwisho. Moduli ilichapwa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo taipu huitoboa herufi kwa herufi, halafu tukaizungusha kwenye mashine ya kurudufu kwa mkono. Mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto hadi leo.

Tukimaliza, tulifunga vifurushi na kuvipeleka stendi. Vilishushwa kwenye vituo vya masomo, ambavyo kwa kweli vilikuwa madarasa ya kuazima, kila wilaya kimoja. Mwanachuo alisoma, akafanya zoezi, akalirudisha likiwa na jalada lake. Jalada lilikuwa karatasi moja yenye jina, namba, na chini kabisa kisanduku kilichoandikwa: Swali la mwanachuo kwa mkufunzi. Mratibu ndiye aliyekibuni kisanduku hicho na alikipenda kupita kiasi.

"Darasani mtu ananyoosha mkono," alikuwa akiniambia. "Hawa mikono yao ni hiki kisanduku."

Wakufunzi waliokuwa wakifundisha wanachuo wa bweni ndio haohao waliotakiwa kusahihisha mazoezi ya masafa, na mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja kwa wote. Huo ndio ulikuwa msimamo wa chuo: somo moja, mtihani mmoja, cheti kimoja. Kwenye karatasi ulipendeza. Lakini nenda ukamwambie mtu aliyetoka kufundisha vipindi vinne kwamba kuna rundo kutoka Kongwa linamsubiri. Mkufunzi wa Upimaji, ambaye nitamtaja tena, alikuwa mwalimu hodari mno, chaki mpaka kwenye nyusi, darasa lake likicheka na kuelewa kwa wakati mmoja. Nikimpelekea mazoezi alikuwa ananikimbia. Siku moja nilimfuata mpaka kwa kinyozi.

"Dada, hata hapa?" akasema, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Wanasubiri majibu tangu mwezi uliopita."

"Niwekee mapajani basi."

Alianza kusahihisha palepale, na kinyozi akalalamika kwamba anainamisha kichwa.

Mara mbili kwa mwaka, wanachuo wa bweni walipokwenda likizo, walimu wetu walikuja kukaa kwenye mabweni yao kwa wiki mbili tulizoziita ana kwa ana. Nilizipenda siku hizo kama sikukuu. Walifika na magodoro, ndoo, madumu ya asali, na akina mama wachanga wakiwa na watoto mgongoni. Matroni alilalamika siku ya kwanza, na siku ya tatu ungemkuta anambembeleza mtoto wa mwanachuo nje ya ukumbi ili mama yake asikilize somo. Tena kulikuwa na desturi yetu wenyewe ambayo sijaiona kwingine. Mwaka mzima wanachuo ndio huwaamkia wakufunzi. Katika ana kwa ana, mkufunzi kijana aliingia darasani, akakuta watu wa umri wa mama yake na baba yake, naye ndiye akasema shikamooni. Wakaitikia marahaba kwa pamoja, kisha wakafungua madaftari wafundishwe na mtoto. Wakufunzi wapya tuliwaonya mapema, maana kuna mmoja alisubiri aamkiwe yeye, akasubiri sana.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa Kongwa kusimamia kituo. Kila Jumamosi nilifungua darasa la kuazima na kugawa moduli, na hapo ndipo nilipowajua watu ambao nilikuwa nikiandika anwani zao. Wakati wa kulima walikuja na matope miguuni. Wengine walipeana zamu ya moduli moja kwa sababu nyingine ilinyeshewa. Nilikaa huko miaka minne, na niliporudi makao makuu Mratibu alikuwa anakaribia kustaafu. Nikafanywa Mratibu Msaidizi, mhusika wa usambazaji, na daftari la usambazaji likawa langu.

Lazima niwaambie juu ya daftari hilo. Lilikuwa na jalada gumu la kijani, kila kituo na mstari wake, kila kifurushi na safu yake. Kitu kikishatumwa unaweka vema. Niliona fahari nalo. Wakaguzi walipokuja, Mkuu wa Chuo aliagiza lipelekwe mezani kabla ya chai. Na kwa kuwa nilipenda lipendeze, nilikuwa na mazoea ya kuketi asubuhi, kalamu moja, wino mmoja, na kuweka vema za vituo vyote kwa mkupuo, ndipo nianze kufunga vifurushi. Vifurushi vilikuwa mbele yangu na vilikuwa vinakwenda siku hiyohiyo, kwa hiyo sikuona kosa.

Sasa nifike penyewe.

Katika somo la Upimaji kuna jambo linaloitwa kipimo cha ugumu wa swali. Ni jepesi. Unahesabu watoto waliopata swali, unagawanya kwa watoto wote waliofanya mtihani. Wakipata wengi, swali ni rahisi. Wakipata wachache, ni gumu. Mwalimu akijua hivyo anaweza kuchuja maswali yake na kutunga mtihani wenye haki. Katika moduli mpya, mistari miwili ilibadilishana nafasi wakati wa kuchapa stensili, ikawa kinyume: kipimo kikubwa ni swali gumu, kidogo ni rahisi. Mkufunzi wa Upimaji aligundua akiwa darasani. Akawaambia wanachuo wa bweni wafute hapo, akaandika sahihi ubaoni, yakaisha kwa dakika moja. Kisha, nampa haki yake, alikuja mwenyewe ofisini.

"Dada, nimekosesha watu wako. Tengeneza karatasi ya masahihisho, tafadhali."

Nikachapa, nikarudufu, nikahesabu nakala za kila kituo. Asubuhi iliyofuata nikafungua daftari la kijani nikaweka vema mstari mzima. Lakini kifurushi cha moduli cha Kondoa, ambamo karatasi hizo zingeingia, hakikuwepo. Gari la mkaguzi mmoja lilikuwa limepita jana yake likielekea huko, nikampa akichukue ili kiwahi. Nikasema nakala za masahihisho za Kondoa nitazituma peke yake kwa basi la Ijumaa. Nikazifunga kamba, nikaziweka rafu ya juu. Ijumaa ile Mratibu wangu aliaga rasmi, tukala wali na kuku, tukalia, na mimi nikasahau.

Muhula ulikwisha, mtihani ukafanyika. Siku chache baadaye mkufunzi wa Upimaji aliingia kwa Mkuu wa Chuo na karatasi tisa za Kondoa. Swali lilikuwa hivi: swali moja la mtihani limejibiwa vizuri na watoto thelathini na sita kati ya arobaini, mwalimu afanye nini? Wanachuo wa bweni na wa vituo vingine walijibu kwamba ni rahisi. Wale tisa wa Kondoa wote walijibu kwamba ni gumu mno na liondolewe, tena kwa maneno yanayofanana mpaka koma. Kwa macho ya kawaida, huo ni wizi wa mtihani. Adhabu yake ilikuwa kufutiwa matokeo yote na kufukuzwa, na mwajiri kuandikiwa barua. Walimu tisa wangepoteza miaka mitatu ya kusoma, na majina yao yangebaki na doa mpaka uzee.

Kamati ya Mitihani ikakutana. Walimu wale walimtuma mwakilishi wao, Mwalimu Zaituni, mama wa makamo kutoka vijiji vya milimani Kondoa, ushungi mweupe, mkoba wa ukili, moduli ndani yake. Mimi niliitwa nikae pembeni na daftari langu. Mkuu wa Chuo wakati huo alikuwa mama mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuipita.

"Mwalimu Zaituni, wenzenu wamepata. Ninyi tisa mmekosea kwa maneno yaleyale. Nani alimwandikia nani?"

"Hakuna, Mama Mkuu. Sisi tunasoma pamoja nyumbani kwangu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunashika. Tulichojibu ndicho kilichomo humu." Akafungua moduli, akaweka kidole.

"Ukurasa huo ulisahihishwa."

"Masahihisho hayo hatukuyaona."

"Vituo vyote vilipelekewa." Akanigeukia. "Masafa, daftari linasemaje?"

Nikafungua. Mstari wa Kondoa, vema yangu, nzuri, wino mmoja na wenzake.

"Linasema yalitumwa, Mama Mkuu."

Mwalimu Zaituni alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, alikuwa anasubiri tu niongeze neno. Sikuongeza. Mkufunzi wa Upimaji akasema, kwa huzuni, kwamba sasa hakuna la kujadili. Mkuu akatangaza mapumziko ya chai, wakirudi wapige kura.

Sikunywa chai. Nilipokuwa nasoma mstari ule kwa sauti, ndipo gari la yule mkaguzi liliponijia akilini. Nilikwenda stoo, nikapanda kiti, nikapapasa rafu ya juu. Zilikuwepo, nakala tisa, kamba yake, vumbi juu. Nikashuka nikafungua na faili la Kondoa nione kama kuna jingine nililosahau. Lilikuwepo. Kwenye jalada la zoezi la Mwalimu Zaituni, ndani ya kile kisanduku cha Mratibu wangu, alikuwa ameandika: "Ikiwa watoto tisa kati ya kumi wamepata, mbona swali tunaliita gumu? Naomba ufafanuzi." Juu yake kulikuwa na mhuri wangu: Imepokelewa. Mkufunzi alikuwa amesahihisha zoezi na kuruka kisanduku, na mimi nikaweka jalada kwenye faili bila kukisoma.

Sitawadanganya kwamba nilikimbia moja kwa moja kwenye kamati. Nilikaa juu ya gunia la karatasi. Barua ya kunipandisha kuwa Mratibu ilikuwa mezani kwa Mkuu, inasubiri saini. Hakuna aliyejua kuhusu nakala zile, na jiko la bwalo lilikuwa linawaka hapo mlango wa pili. Nililitazama jiko lile. Naona aibu kuliandika, lakini nililitazama. Kilichoninyanyua si ushujaa. Ni lile swali lake. Mtu aliuliza kwa adabu, kwa Kiswahili safi, akaomba ufafanuzi, na nikampa mhuri.

Nikarudi ukumbini nikaviweka vyote viwili mbele ya Mkuu.

"Hizi ni za Kondoa," nikasema. "Hazikutoka stoo. Na hapa Mwalimu Zaituni aliuliza, hatukumjibu."

Mkuu akasoma. Akachukua daftari la kijani.

"Na hii vema?"

"Niliiweka kabla ya kutuma."

"Ni mazoea yako?"

"Ndiyo, Mama Mkuu. Miaka yote."

Yule mkufunzi wa Upimaji alivuta karatasi tisa zile kwake, akazipitia moja moja, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Basi katika mkoa mzima, hawa ndio waliosoma moduli yangu neno kwa neno." Alimwendea Mwalimu Zaituni akamwomba radhi mbele ya wote.

Wale tisa walitungiwa swali jingine na matokeo yao yakabaki halali. Mimi nilipewa barua ya onyo, na kupandishwa kwangu kukasubiri miaka mitatu mingine. Kwa haki. Kabla sijatoka ofisini, Mkuu aliniambia niende Kondoa nikayafikishe masahihisho kwa mkono wangu, na nisirudi mpaka wa tisa awe amesaini.

Baadaye nikawa Mratibu, na nikakaa kwenye cheo hicho mpaka nywele zikageuka rangi. Nimeona mashine ya kurudufu ikitupwa, kompyuta zikija, moduli zikiingia kwenye simu. Siku hizi mwanachuo wa bweni na wa masafa wanafungua mfumo mmoja, wanamsikia mkufunzi mmoja kwa wakati mmoja, na stoo ya maharage imekuwa chumba cha kurekodia. Sina kinyongo na hayo. Ningekuwa nayo wakati ule, Kondoa wangepata masahihisho kabla chaki haijakauka mkononi mwa mkufunzi. Siku hizi nakaa Zuzu na mizabibu yangu michache, na vijana wa kitengo wananipigia simu wakikwama. Mmoja wa wanachuo wangu wa zamani yuko wizarani Mtumba, na bado ananiamkia kwa kuniuliza kama zoezi lake limefika.

Siku ya kuniaga, Mratibu mpya, kijana mwerevu niliyemfundisha kazi, alinionyesha kwenye kioo jinsi mfumo unavyojua nani amepokea nini. "Hapa, mama, hakuna cha kusahau rafuni," akasema, na wote wakacheka, maana habari zangu wanazijua. Kisha wakaniomba niwaachie neno. Nikawaambia habari wanazozijua zinaishia kwenye kamati, na kwangu mimi hapo ndipo zilipoanzia. Nikawasimulia safari yenyewe.

Nilifika Kondoa mchana, nikapanda mpaka kijijini kwa Mwalimu Zaituni kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alinipokea kwa salamu ndefu, akanipa uji wa ulezi, akasaini. Halafu akaishika ile karatasi ya masahihisho akaisoma mara mbili, na uso ukamshuka.

"Mama," akasema, "sisi tulishaitumia."

"Mmetumia nini?"

"Moduli. Wale wenu wa bweni wataanza kazi miaka miwili ijayo. Sisi tunasoma jioni, asubuhi tuko darasani." Akakunja karatasi. "Sikujibiwa, nikachuja mtihani wa muhula wa darasa la sita kwa kanuni hiyo. Maswali waliyokuwa wakiyapata watoto niliyaondoa, nikaona ni magumu. Nikabakiza wasiyoyaweza. Wamefeli karibu darasa zima."

Miaka yote ile nilidhani kazi yangu inaishia kwenye anwani ya mwanachuo, na sikuwahi kufikiria kwamba nyuma ya kila anwani kuna watoto arobaini.

Asubuhi alinipeleka shuleni. Aliwasimamisha darasa la sita, akawaambia, bila kuzunguka, kwamba mtihani ule ulikuwa mbaya, si wao, na kwamba wataufanya mwingine. Nami nikasimama pale mbele, nikasema kwamba kosa ni langu na nimetoka Dodoma kuja kuwaambia. Watoto walitutazama kwa mashaka, hawajazoea kuombwa radhi na watu wazima. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma, mwenye kandambili, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na baba nani atamwambia?"

"Nimwambie nini, Salma?" Mwalimu Zaituni akauliza.

"Alisema viatu vya shule ni vya mwenye kufaulu. Alishampa mdogo wangu."

Mwalimu Zaituni alinitazama, mimi nikamtazama yeye. Baada ya vipindi tukaenda wote watatu. Baba yake alikuwa uani anapukuchua mahindi. Tulisalimiana, tukakaribishwa vigoda. Nikamweleza yote mwenyewe, tangu moduli mpaka rafu, na kwamba binti yake hakufeli. Aliendelea kupukuchua, macho chini. Nilidhani hakunielewa, nikaanza upya, akainua kiganja kunizuia.

"Nimesikia, mwalimu. Mmekuja wenyewe, nimesikia."

Akageuka akaita ndani. Akatoka mtoto wa kiume wa darasa la kwanza hivi, viatu vyeusi vikimpwaya, vimejazwa makaratasi mbele ili vimkae, kila hatua vikipiga chini kwa kishindo.

"Vua," baba yake akasema. "Ni vya dada yako."

Mtoto akavua. Salma alikuwa amesimama kando ya mlango. Alipiga kandambili zake teke upande, akaingiza miguu kwenye viatu palepale mbele yetu, na hakungoja hata kutoa yale makaratasi.